Dola 50 za kulinda moto (pikipiki) ya kazi Goma: cheni, swichi ya siri au GPS?

#1 Mwana_Ndosho (Goma)

Jambo bandugu. Swali kwa wamotari (madereva wa moto), mafundi na wenye moto. Mtu ana dola 50 tu za kulinda moto ya kazi, tuseme TVS HLX 125, inayolala kwenye parseli (kiwanja) ya uzio wa mbao. Azitie wapi kwanza? Hoja yangu ni kwamba zote ziende kwenye cheni na kadenasi (kufuli) ya maana, kwa sababu moto nyingi za kartie (mtaa) zinalala zimefungwa gidoni (usukani) tu. Kuna wanaosema GPS ndiyo kila kitu. Leteni vipimo tafadhali.

#2 Motari_Birere (Goma)

Gidoni usiihesabu kabisa. Kile kijiti kinachotoka kwenye kontakti (swichi ya ufunguo) na kuingia shingoni mwa shasi ni chembamba kuliko kidole cha mwisho, na kasha linalokishika ni la aloi laini. Gidoni yenyewe ni wenzo: kutoka katikati hadi mwisho wa mpini ni kama sentimita 35. Mtu mwenye nguvu hahitaji hata chombo, kasha linapasuka kabla kijiti hakijapinda.

Anayenunua moto iliyotumika ageuze gidoni hadi mwisho kushoto, amulike tochi chini ya kontakti. Tundu la shingoni likiwa la duara safi, vizuri. Likiwa limevutika upande mmoja, kukawa na unga wa kijivu na mkwaruzo mpya unaong'aa, basi moto hiyo imeshavunjwa gidoni, na muuzaji ana la kueleza.

#3 Fundi_Katindo (Goma)

Naongezea kwa #2. Kontakti nayo inachakaa. Ndani mna vibati vidogo vya shaba vinavyopandishwa na meno ya ufunguo. Barabara zetu za mawe ya volkano zinatikisa rundo la funguo kutwa nzima, vibati vinalika, na baada ya muda kontakti inakubali ufunguo wa moto nyingine ya aina ileile. Dalili ni mbili: ufunguo unachomoka huku injini bado inaunguruma, au unazunguka bila kukaza popote.

Hapo badilisha kontakti nzima. Usiende kuchongesha ufunguo mpya kwa kunakili ule uliolika, utanakili na ulegevu wake. Na ufunguo wa moto ukae peke yake kwenye kamba nyepesi. Za nyumba na za duka ziende mfukoni.

#4 Nguba_2 (Bukavu)

Na zile kufuli ndogo za diski zenye kengele ndani, mnazionaje? Nyepesi, mtu anatembea nayo mfukoni.

#5 Motari_Birere (Goma)

Diski gani tena kaka? HLX 125 na Boxer nyingi zinazofanya kazi hapa zina breki za ngoma mbele na nyuma. Utaifunga kwenye nini?

#6 Himbi_Ziwani (Goma)

Birere, kuna nyingine zinakuja na diski mbele, swali la Nguba lina wenyewe. Ila hata kwa hao, kufuli la diski linazuia gurudumu kuzunguka tu, haliifungi moto na kitu chochote. Moto ya 125 au 150 ina kilo kama 110 hadi 125. Watu wawili wanainua mbele, wa tatu anasukuma nyuma, imeshaingia kwenye pikapu.

Na angalieni tundu la ufunguo. Ufunguo wa bomba, ule wa duara wenye uwazi katikati, uliaibika mwaka 2004 huko Marekani: watu walionyesha kwamba kufuli za Kryptonite za aina hiyo zinafunguka kwa bomba la kalamu ya Bic, na kampuni ikalazimika kuwabadilishia wateja. Kufuli za bei ya chini zenye ufunguo wa aina ile bado zinauzwa. Chukua ufunguo bapa wenye mashimo au michongo pande zote mbili.

#7 Sudere_Majengo (Goma)

Twende kwenye cheni, hapo ndipo watu wanaliwa pesa. Cheni tatu zinaonekana sawa kwenye meza ya muuzaji. Ya kwanza ni chuma cha kawaida cha kufungia geti. Ya pili ni cheni ya kuinulia mizigo. Ya tatu ni chuma kilichokomazwa kwa moto mahsusi kwa kufuli. Rangi na ganda la kitambaa havikwambii lolote.

Nenda na tupa mfukoni. Kabla ya kulipa, sogeza ganda, sugua tupa kwenye pete moja kwa ndani mara mbili tatu. Tupa ikishika na kuacha unga na mfereji, hicho ni chuma laini, kirudishe mezani. Ikiteleza kama juu ya kioo, ikaacha alama hafifu tu, kimekomazwa. Muuzaji akikataa tupa, umeshapata jibu lako.

Unene: mkasi mkubwa wa chuma, ule wa mikono ya sentimita 90, unakata chuma laini hadi karibu milimita 13. Cheni laini ya milimita 8 unaikata bila kutoa jasho. Iliyokomazwa ya 13 inaumiza meno ya mkasi. Kuanzia 16 mkasi wa mkono umekwisha kazi, mwizi alete grinda.

#8 Mwana_Ndosho (Goma)

Aksanti Sudere. Ile ya 13 ina uzito gani? Motari ataibeba?

#9 Sudere_Majengo (Goma)

Kama kilo 3 na nusu hadi 4 kwa mita. Mita moja na nusu ni karibu kilo 6 ukiongeza kadenasi. Usiibebe. Iache nyumbani kwenye nanga (chuma kilichoshikwa ardhini), na mchana tembea na kitu chepesi cha kuzuia mtu wa kupita tu.

Kosa kubwa ni kununua cheni ya 13 halafu kuifunga kwa kadenasi ya sikio la milimita 6. Mwizi hatazami cheni, anatazama sikio. Tafuta kadenasi yenye mabega yanayofunika sikio, hadi nafasi inayobaki ipitishe pete ya cheni peke yake.

Jambo lingine naomba mlisikie vizuri: msije kwa sudere (mchomelea vyuma) kumwambia aunganishe pete ya cheni iliyokomazwa. Joto la kuchomelea linaondoa ukomavu wa chuma pale pembeni, na pete hiyo ndiyo itakatika wa kwanza, au itapasuka kwa nyundo. Mnafanya hivyo kila wiki.

#10 Kadutu_Juu (Bukavu)

Umesema pa kufunga cheni, sema pia inapitia wapi. Wengi wanaipitisha kwenye spoki za gurudumu la mbele. Spoki zinakatwa kwa koleo, na gurudumu la mbele linatolewa kwa spana mbili. Ipite gurudumu la nyuma pamoja na ule mkono wa chuma unaolishika, au ndani ya shasi yenyewe chini ya tangi. Iwe imekazwa, isiguse chini. Ikilala sakafuni mwizi anatumia sakafu kama fuawe, nyundo mbili tatu kadenasi imefunguka.

#11 Himbi_Ziwani (Goma)

Nanga ya Sudere naifafanua kwa sababu Goma ina shida yake. Lava ya Nyiragongo ya 2002 ukiichimba juu ni povu lililokauka, mawe mepesi yenye matundu. Boliti ya kupanuka haishiki humo, inachomoka na ganda lake. Ni lazima uvunje tabaka la juu ufike jiwe zito, au umwage zege.

Zege la sentimita 40 kwa 40, kina 50, linafika kilo 190 hivi. Linakula kidogo zaidi ya nusu ya mfuko wa simenti wa kilo 50 ukichanganya 1:2:3 (simenti, mchanga, kokoto). Chuma cha U kiingie sentimita 35 au zaidi, miguu ikunjwe nje chini kabla ya kumwaga. Acha siku 7 kabla ya kuvuta, ukimwagia maji asubuhi na jioni.

#12 Sudere_Majengo (Goma)

Nakubali, ila chuma cha U kisiwe cha ujenzi cha 12, mkasi unakikata kama cheni laini. Tumia pete ya cheni ya kuvutia lori, au kipande cha resori (springi bapa) ya lori kilichotobolewa tundu. Resori haikunjwi kirahisi lakini mkasi hauiwezi. Ukitoboa, toboa polepole na maji, usiichome.

#13 Petit_Virunga (Goma)

Mbona mnajichosha na zege? Funga robine (koki) ya mafuta usiku, mwizi atafika kona ya kwanza moto inazimika. Bure kabisa.

#14 Fundi_Katindo (Goma)

Petit, kona ya kwanza ni mbali kuliko unavyofikiri. Bakuli la kabureta linabaki na mafuta hata robine ikifungwa, tuseme mililita 30. Moto inayokwenda kilomita 50 kwa lita itatembea nayo kilomita moja na nusu. Kutoka Ndosho hapo mtu ameshapotea. Halafu robine inafunguliwa kwa vidole viwili bila hata kushuka kwenye moto. Robine ifungwe, sawa, lakini kwa sababu ya moto wa kweli, siyo ya mwizi.

#15 Mama_Keshero (Goma)

Fundi amegusa jambo ambalo nataka lisipite haraka. Wengi wanaingiza moto sebuleni ndio ulinzi wao. Mwizi hapati, lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutambaa sakafuni, na mbabula (jiko la mkaa) iko palepale sakafuni. Kifuniko cha tangi kina tundu la kupumulia, hivyo hata moto isiyovuja inatoa mvuke, zaidi ikiingia ikiwa bado na joto la kazi. Nyumba za mbao zinashikana, ikiwaka moja zinaondoka avenyu nzima.

Kama hamna pengine pa kuilaza: injini ipoe nje kwanza, robine ifungwe, bakuli la kabureta limwagwe nje kwa ile skrubu ya chini, moto ilale mbali na jiko na mshumaa, na isizibe mlango. Watoto wakilala chumba hicho, afadhali moto ilale nje kwa cheni. Hili silipunguzi.

#16 Motari_Birere (Goma)

Mama amesema kweli tupu. Na kwenye uzio wa mbao, misumari ikiwa imepigwa kutokea nje, mtu anang'oa mbao mbili bila kelele. Geti na zile mbao za pembeni ziende kwa boliti zenye kichwa cha mviringo nje, nati ndani.

#17 Fundi_Katindo (Goma)

Sasa swichi ya siri, ile iliyofichwa ya kuzuia injini isiwake, kwa maoni yangu dola za kwanza ziende huku. Inakula sehemu ndogo sana ya hizo 50, na mwizi wa haraka anashindwa kuwasha anaiacha. Ila mafundi wengi wanaiweka vibaya.

Kwanza jua moto yako ina CDI (kisanduku cha umeme wa plagi) ya aina gani. Nyingine zinalishwa na batri, hapo unakatiza waya wa umeme unaoingia CDI baada ya kontakti. Nyingine, hasa za Kichina za kiki (za kuwashwa kwa mguu), zinajilisha zenyewe kutoka kwenye jenereta. Huko kontakti inazima kwa kupeleka waya kwenye bodi (chuma cha moto), kwa hiyo swichi iliyokatiza mlisho wa batri haizuii chochote. Pima kwa multimeta, usikisie.

Usikatize waya kati ya CDI na koili ya plagi. Pale panapita volti 200 hadi 400 za kupigapiga, swichi ndogo ya redio inaungua ndani ya wiki chache na moto inaanza kukatakata ikipanda na abiria. Swichi iwe ya ampia 5 au zaidi, yenye mpira wa kuzuia maji, waya wa milimita moja ya mraba, viungo vichomelewe kwa risasi na kuvalishwa mpira wa joto. Kuzungusha kwa mkono na skochi ni kujitengenezea hitilafu ya mvua.

Mahali: chini ya kiti ndipo kila mwizi anapogusa kwanza. Mafundi hawapaswi kuweka zote sehemu moja, na mwenye moto akae hapo fundi akifanya kazi.

#18 Kadutu_Juu (Bukavu)

Swichi ya siri inafaa Goma kwenye tambarare. Bukavu mwizi hana haja ya injini. Ukitoka Kadutu juu hadi chini mjini ni mteremko, moto ikiachiliwa breki inashuka kimya bila kuwashwa, taa imezimwa, na aliyelala hasikii kitu. Kwetu cheni kwanza.

#19 Petit_Virunga (Goma)

Hata Goma, kaka. Mwenzake anakuja na moto nyingine, anaweka mguu kwenye kikanyagio cha ile iliyoibiwa na kuisukuma, zinaenda pamoja. Au wanailaza kwenye chukudu kubwa (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) na kuifunika magunia ya makala (mkaa). Chukudu inabeba mizigo mizito kuliko moto kila siku kutoka Kibumba, nani atauliza?

#20 Ruzizi_Tech (Bukavu)

Ndiyo maana nasema GPS. Cheni na swichi zinachelewesha, GPS inakwambia iko wapi. Zile ndogo za SIM zinatuma mahali kwa SMS au kwenye programu, na zina relei ya kuzima injini kwa mbali. Nyingi zimepangwa zisikubali amri ya kuzima moto ikiwa juu ya kilomita 20 kwa saa, kwa hiyo haimwangushi mtu barabarani. Mwenye moto tano au sita za kazi anaona zote kwenye simu.

#21 Fundi_Katindo (Goma)

Hesabu ya batri kwanza, Tech. Kifaa kinachotuma kila sekunde 10 kinakula karibu miliampia 50. Kwa saa 24 hiyo ni ampia-saa 1.2. Batri ya moto ya kiki mara nyingi ni 2.5, na kwa kweli unaweza kutumia nusu yake kabla haijaanza kuharibika. Moto ikilala siku moja tu, nusu hiyo imekwisha. Ile batri ndogo ya ndani ya kifaa, miliampia-saa 150 au 200, inakupa saa tatu nne baada ya mwizi kukata waya.

Ukipanga kilale moto ikisimama na kiamke ikitikiswa, matumizi yanashuka sana. Lakini hapo malori ya usiku yanakiamsha kila yakipita.

#22 Himbi_Ziwani (Goma)

Na mpaka je? Hapa ukisimama karibu na Petite Barrière, mpaka wa Rwanda, simu inajishika mtandao wa ng'ambo. SIM ya kifaa ikifanya hivyo na huduma ya nje haijafunguliwa, kifaa kinanyamaza, na hapo ndipo ulipokihitaji. Tech, Bukavu pia mnayo hiyo upande wa Ruzizi. Fungua huduma hiyo mapema au weka SIM ya mtandao uliokubaliwa pande zote mbili.

Kuna SIM kufa pia. Kifaa hakipigi simu, hakinunui chochote, miezi inapita namba inafungwa kwa kutotumika. Weka salio kila mwezi, na kitumie SMS ya kuuliza mahali angalau mara moja kwa wiki.

#23 Ruzizi_Tech (Bukavu)

Yote hayo yanarekebishika. Mnaongea kama cheni haina kasoro. Nami naongeza moja: badilisheni neno la siri. Vifaa vingi vya Kichina vinatoka na 123456. Mwaka 2019 watafiti wa Avast walionyesha mamia ya maelfu ya vifaa vya aina hii vilivyoachwa na namba hiyohiyo, kiasi kwamba mtu wa mbali angeweza kuona mahali vilipo. Ukiacha hivyo umempa mwizi ramani ya moto yako.

#24 Dada_Ibanda (Bukavu)

Vipi ile AirTag, kidude cha Apple cha kutafutia vitu? Ndogo, batri ya sarafu ya CR2032 inakaa karibu mwaka, haina SIM.

#25 Ruzizi_Tech (Bukavu)

Dada, AirTag haina GPS ndani. Inasubiri simu ya Apple ipite karibu ndiyo itoe taarifa. Kwenye kartie ambako karibu kila mtu ana Android, inaweza kukaa siku nzima bila kusema. Tena Apple waliiwekea kinga ya kuzuia watu kufuatiliwa: ikitembea na mtu asiye mwenyewe, inaonya simu yake, na ikikaa mbali na mwenyewe kwa saa kadhaa inalia. Mwizi anaambiwa. Zile za mtandao wa Google ulioanza 2024 zinafaa zaidi huku kwa wingi wa Android, lakini nazo zinaonya.

#26 Lushois_Katuba (Lubumbashi)

Jambo kutoka Katuba. Mnazungumza kufuli kana kwamba mwizi anaiba ili apande. Moto nyingi hazirudi kwa sababu haziendi mzima. Injini upande huu, magurudumu kule, tangi linapakwa rangi. GPS ya Tech itakuonyesha parseli ambamo kumebaki shasi. Chanzo ni soko la vipande, na tunaonunua vipande bila kuuliza tumo ndani yake.

Anayenunua moto au injini ajifunze namba. Namba ya shasi ina herufi na tarakimu 17, iko shingoni. Zinazoanza MD2 ni za Bajaj, MD6 ni TVS, za China zinaanza na L. Namba halali haina kamwe herufi I, O wala Q. Ukiona O kwenye namba ya shasi, muulize muuzaji aliyeigonga. Kwenye zile za L, nafasi ya 10 ni mwaka: P ni 2023, R ni 2024, S ni 2025. Linganisha na karti rozi (karatasi ya usajili), siyo kwa macho ya haraka, herufi kwa herufi.

Pitisha kidole: kiwandani kina cha herufi ni kimoja na mstari umenyooka. Mahali paliposuguliwa pana bonde, rangi nene, au mikwaruzo ya tupa chini ya rangi. Namba ya injini imegongwa kwenye kasha la injini chini, nayo ilingane na karatasi.

#27 Motari_Birere (Goma)

Lushois umeleta kitu. Naongeza: kila mwenye moto apige picha ya namba hizo leo na aitume kwa mtu mwingine. Wengi wakiibiwa wanaenda kutoa taarifa na "TVS nyekundu". Za hivyo ziko ngapi Goma?

Tena gonga namba yako mwenyewe mahali pa siri. Alfabeti za chuma za kugonga ziko kwa masudere. Ndani ya kifuniko cha pembeni, chini ya tangi, kwenye mkono wa nyuma. Anayeiuza kwa vipande hatazipata zote.

#28 Mwana_Ndosho (Goma)

Kuna hoja moja sijaiona. Moto inayofanya kazi kwa bosi, dereva analeta hesabu kila wiki. Ikipotea, nani ana ufunguo wa pili? Nani anajua swichi ya siri iko wapi?

#29 Mama_Keshero (Goma)

Hapo ndipo penyewe. Kufuli halimzuii mwenye ufunguo. Dereva anayedaiwa hesabu kubwa kuliko barabara inavyotoa, siku za mvua na siku za kukosa mafuta, anakuwa kwenye hali ngumu, na mabosi wanajua.

#30 Motari_Birere (Goma)

Mama, kwa heshima, hapo nakataa. Kila moto ikipotea, motari ndiye wa kwanza kushikwa. Walio wengi wananyang'anywa kwa nguvu: mteja anapanda saa mbili usiku, anaomba kona ya giza, kule wako wengine wawili. Cheni iko nyumbani, swichi haisaidii kwa sababu moto inawaka tayari.

Kwa hali hiyo yapo machache. Usichukue abiria wawili usiku wasiojulikana. Simama penye taa wakati wa kukubaliana bei. Mteja akibadilisha njia katikati, mshushe hapohapo. Na ukiwekewa kisu au bunduki, wape. Swichi inayozima baada ya muda ni hatari kwako wakati huo, watakurudia.

#31 Fundi_Katindo (Goma)

Ni kweli, na ndiyo maana siwawekei wanaofanya kazi usiku mtambo wa kuzima baada ya dakika. Relei ya GPS izimwe na mtu mwingine nyumbani, baada ya motari kuwa salama.

#32 Kadutu_Juu (Bukavu)

Na sauti nayo ni ulinzi. Kwenye kartie wanapopiga sufuria na filimbi mwizi akionekana, dakika tatu za cheni zinatosha, kwa sababu avenyu nzima inatoka. Penye watu wanaofunga madirisha, hata cheni ya 16 haifiki asubuhi. Grinda ya batri inaimaliza ndani ya dakika moja au mbili. Ulaya sasa kuna kufuli zinazokula diski za grinda, kama Hiplok D1000, lakini lilitoka kwa zaidi ya pauni 200 na ni la U dogo, halizungukii gurudumu la nyuma na nanga.

#33 Dada_Ibanda (Bukavu)

Naunga mkono sauti, lakini tusikubali yale yanayofuata sauti. Mtu akishikwa apelekwe kunakohusika. Wameshapigwa watu wasio wezi kwa kuwa walikuwa karibu na moto.

#34 Kadutu_Juu (Bukavu)

Sawa kabisa dada. Filimbi ni ya kumkimbiza.

#35 Petit_Virunga (Goma)

Basi Ndosho, na kengele za rimoti? Zinalia vizuri.

#36 Ruzizi_Tech (Bukavu)

Zinalia vizuri mpaka majirani wanazizoea. Kihisi kikiwekwa kwenye ukali wa juu, mvua ya mawe au lori inakiamsha, na usiku wa tatu hakuna anayeamka. Ukali uwe wa kati, king'ora kikae ndani ya shasi kisifikiwe kwa mkono, na kiwe na batri yake.

#37 Mwana_Ndosho (Goma)

Aksanti wote. Mpaka sasa nasoma hivi: Sudere na Kadutu wanasema cheni na nanga, Fundi anasema swichi, Tech anasema GPS, Lushois anasema namba, Mama anasema mwenye ufunguo. Zege naweza kulifanya mwenyewe, resori inapatikana. Hiyo inaniachia pesa ya cheni na swichi, GPS itasubiri.

#38 Ruzizi_Tech (Bukavu)

Itasubiri mpaka moto iondoke. Weka swichi na GPS, cheni chukua ya milimita 10.

#39 Sudere_Majengo (Goma)

Ya 10 iwe iliyokomazwa basi, na umpe tupa kwanza. Ndosho, nanga usiiweke katikati ya parseli. Iweke kwenye kona, moto ikae kati ya ukuta na kona hiyo, ili mikono mirefu ya mkasi isipate nafasi ya kufunguka.

#40 Mwana_Ndosho (Goma)

Sawa. Swali dogo la mwisho kwa leo: kadenasi inajaa vumbi la volkano, ufunguo unakwama. Oili ya injini?

#41 Fundi_Katindo (Goma)

Hapana, oili inashika vumbi na kuwa tope ndani. Puliza kwanza kwa pampu ya magurudumu, kisha saga risasi ya penseli iwe unga, pakaa kwenye ufunguo, ingiza na kutoa mara kadhaa. Tundu la ufunguo liangalie chini moto ikilala nje, na kata kipande cha chamburere (mpira wa ndani wa gurudumu) kiwe kofia ya kuzuia mvua. Kama tayari ulishatia oili, osha kwa petroli kidogo nje ya nyumba, acha likauke kabisa, ndipo utie unga.

#42 Nguba_2 (Bukavu)

Hiyo ya chamburere naichukua. Wenye Senke na Haojin, robine zenu zinavuja pia au ni za Bukavu tu?